Jino la Bei ya Tangi

Jino langu la mbele liliuawa na uzi. Watu wakisikia hivyo wanadhani natania. Wanataka niwaambie nilianguka na boda boda, au niliuma jiwe kwenye mahindi na maharagwe ya githeri, kitu chenye maana. Hapana. Ilikuwa mwezi wa kwanza, shule zinafunguliwa, na mimi niko kwenye cherehani yangu hapa mtaa wa Pioneer nashona sare, wazazi wamejaa mlangoni, kila mmoja akisema yake ni moja tu, yake haitachukua muda. Nilimaliza kushona kifungo cha mwisho cha shati, nikainama, nikakata uzi kwa meno.

Makasi yalikuwa pale pale mezani. Lakini muulize fundi yeyote wa nguo wa rika langu, atakuambia makasi ni ya kitambaa, uzi ni wa meno. Ndivyo tulivyofunzwa. Mama aliyenifunza kazi alikuwa na kijifereji kwenye jino lake la mbele, kimechongwa na uzi, na alikuwa akituonyesha kwa majivuno kama cheti. Changu kilianza kuonekana mwaka wa tano wa kazi na nilifurahi, mjinga mimi. Mwaka wa ishirini na sita jino lilipasuka kwenye kijifereji hicho hicho mpaka ndani ya ufizi. Nilisikia mlio kichwani, si masikioni, halafu baridi ikaingia mahali ambapo haikuwa imewahi kufika.

Nilitema mkononi. Nusu ya jino, na uzi wa buluu umeng'ang'ania. Mzazi mmoja akaniuliza, "Mama, iko sawa?" Nikaitikia kwa kichwa. Nilimfungia shati lake kwenye gazeti, nikapokea pesa bila kusema asante. Tangu siku hiyo, kwa miezi mingi, sikufungua mdomo mbele ya mtu bila kuufunika kwa mkono.

Niseme mapema kwamba mimi ni mwoga. Si mwoga wa giza wala wa wezi. Mwizi akija kwangu nitamfukuza na pasi ya makaa. Mimi naogopa daktari wa meno. Nilizaa watoto watatu bila kupiga kelele, lakini nikisikia ile mashine yao ikilia nyuma ya mlango, nageuka narudi nyumbani. Kwa hiyo nilikaa wiki mbili na kile kipande kilichobaki, nikinywa chai kwa upande mmoja, nikisukutua maji ya chumvi, nikijiambia kitatulia. Mume wangu hakunisaidia. Yeye anasafirisha maziwa kwa pikipiki, anashinda na ng'ombe na wenye ng'ombe, na kila kitu kwake kina mfano kutoka zizini.

"Hebu muangalie ng'ombe," akasema. "Huko juu mbele hana hata jino moja. Na analisha watu wangapi?"

"Ng'ombe hashoni nguo," nikamwambia, mkono uko mdomoni.

"Wala hanuni," akajibu, akaenda zake.

Wiki ya tatu uso ulivimba mpaka jicho moja likawa mstari. Hapo hata yeye aliacha hadithi za ng'ombe. Alinipakia kwenye ile pikipiki, mitungi ya maziwa ikigongana pande zote mbili, tukaingia mjini Eldoret nikiwa nimejifunika leso kichwa kizima.

Daktari alikuwa mwanamke mdogo kuliko kifungua mimba wangu. Alibonyeza ufizi, akanipiga picha ya eksirei akaitazama, akasema mzizi umepasuka, jino halishikiki tena, lazima litoke. Alisema kwa upole, na ule upole ndio ulionitisha. Nilizoea madaktari wa kufokea watu. Huyu ananibembeleza kwa nini, kama si jambo kubwa? Nikamwambia nitarudi kesho.

"Mama," akasema, "huo usaha ukipanda juu, mimi sitakuwa daktari wako tena. Utahitaji mwingine."

Nilimwita mume wangu ndani nikamnong'onezea namba ya siri ya simu yangu, na mahali nilipoweka karatasi za ploti, na nguo za nani zimelipiwa na za nani bado. Aliniangalia, na kwa mara ya kwanza tangu tuoane hakuwa na mfano wa kunipa. Alinishika kidole kimoja tu, kile cha mwisho, akakishika mpaka wakamtoa nje.

Sindano sikuiona kwa sababu nilifumba macho, lakini niliisikia ikiingia mpaka kwenye pua. Niliomba. Sikuomba vizuri, niliomba kama mtu anayepatana bei sokoni, nikimwahidi Mungu vitu nilivyojua sitavitimiza. Nilisikia mfupa wangu mwenyewe ukisukumwa huku na huku, bila uchungu, na kukosa uchungu kulikuwa kubaya zaidi, ni kama mtu anavunja nyumba yako wewe ukiwa ndani umefungwa kamba. Halafu akasema, "Tayari." Dakika tano. Nilikuwa nimeogopa wiki tatu kwa ajili ya dakika tano, na nikashikwa na hasira nisiyojua ni ya nani.

Woga wenyewe ulikuwa bado unaningoja nyumbani. Dukani kwangu kuna kioo kirefu ambacho wateja hujitazamia. Uvimbe ulipoisha nilifunga mlango, nikasimama mbele yake, nikacheka ili nione. Woi! Kulikuwa na shimo jeusi katikati ya uso wangu. Aliyekuwa kwenye kioo ni mwanamke ambaye ningepishana naye njiani nikakaza mkoba. Nilijiogopa mwenyewe mchana kweupe. Na kazi yangu ni ya uso kwa uso. Napima shingo, napima kifua, pumzi yangu inamfikia mtu. Nani ataniachia kitambaa cha harusi akiona mdomo wangu uko hivyo?

Daktari alikuwa amenipa njia tatu. Ya kwanza, skurubu inaingizwa ndani ya mfupa na jino linafungwa juu yake. Bei aliyoitaja ni ya ng'ombe wa maziwa pamoja na ndama wake, kwa hiyo hatukuijadili. Ya pili aliiita daraja. Yale meno mawili yaliyo kando ya pengo yanachongwa, halafu meno matatu yaliyoungana yanavishwa juu, yanagandishwa, hayatoki tena. Elfu hamsini na nne. Ya tatu ni jino la plastiki la kuvaa na kuvua, elfu saba. Nilichukua la elfu saba na nikaondoka pale nikijiona mjanja.

Lile jino lilikuwa limeshikwa na kibamba cha rangi ya ufizi kinachoganda juu kwenye kaakaa. Likitaka kukaa, linakaa. Lisipotaka, linashuka lenyewe katikati ya neno. Nilikuwa nikila ugali naogopa nitaumeza nalo. Kuna mteja alinisimulia habari za mwanaume aliyemeza lake mpaka akapasuliwa tumbo, akasimulia akicheka, hajui mwenzake naye analo mdomoni. Siku hiyo nilikunywa uji tu.

Halafu akaja naibu mwalimu mkuu wa shule moja ya karibu, na suruali ya kupunguzwa. Shule yake ilikuwa inatafuta fundi wa kushona magauni ya wasichana, kazi ya miezi miwili mizima, na mimi nilikuwa nimeiomba. Nilipiga magoti kupima pindo, pini tatu kwenye midomo, ndivyo tunavyofanya. Vumbi la kitambaa likaniingia puani. Nikapiga chafya moja. Pini zikaenda huku, jino likaenda kule, likatua juu ya kiatu chake cheusi kilichopigwa rangi kikang'aa. Sote wawili tuliliangalia likiwa limelala pale. Naibu mwalimu mkuu akainua macho, akaanza kusoma kalenda yangu ukutani kwa makini sana, kama ameletewa mtihani asahihishe. Nililichukua, nikalitia mfukoni mwa aproni, nikamaliza kupima. Suruali alituma mtu aichukue. Magauni yalienda kwa fundi mwingine.

Baada ya hapo nilianza kuogopa kila kitu. Niliogopa chafya, niliogopa kicheko, niliogopa mahindi, niliogopa herufi ambazo ulimi unagonga meno. Kanisani nilikuwa mwimbaji wa safu ya mbele. Nikahamia nyuma kwa wamama wenye watoto wachanga, nikawa nafungua mdomo bila sauti. Mchungaji akauliza kama nina shida nyumbani. Nikatikisa kichwa. Mume wangu akisema jambo la kuchekesha, nilikuwa nageuka ukutani kwanza ndipo nicheke, halafu nikaacha kabisa kucheka kwa sababu ni kazi nyingi.

Sasa hapa lazima nieleze mambo ya chama chetu, maana huko ndiko nilikojitia kitanzi.

Tuko wanawake kumi na watano wa mtaa huu, wengine wenyeji wa huku, wengine sisi tuliotoka Mkoa wa Kati zamani tukazeekea hapa. Kila mwezi kila mmoja anatoa elfu nne, na mmoja wetu anapokezwa zote. Lakini hupokezwi hivi hivi. Unasimama mbele ya wenzako, unasema utanunua nini, katibu anaandika, na ulichosema ndicho utakachonunua. Hii sheria ilikuja baada ya mume wa mwenzetu mmoja kunywa mzunguko mzima wa mkewe kwa wiki moja. Kwa hiyo miezi miwili baadaye wote wanakuja kwako na leso za kufanana, wanaimba kutoka njiani, wanakuja kuona. Na si kuona kwa macho tu, kitu lazima kijaribiwe. Aliyenunua ng'ombe alikamuliwa ng'ombe mbele yetu na tukanywa. Aliyenunua jiko la gesi, lilipikiwa chai ya watu kumi na watano. Aliyenunua viti vya sebuleni, tulivikalia wote mpaka mguu mmoja ukavunjika, tukachangia fundi. Baada ya kujaribu, tunakishika kwa mikono, tunakiombea, ndipo tunakula.

Mimi nilikuwa nimesema tangi. Tangi la lita elfu tano, maana maji ya mfereji kwetu yanakuja siku yanayotaka, na mgongo wangu umechoka mitungi. Nilisema mwenyewe, kwa mdomo wangu huu, kabla ya uzi kuumaliza. Mume wangu alikuwa amejenga hata kitako cha mawe cha kuliwekea, kizuri, cha duara, mbele ya dirisha la jikoni.

Mwezi wangu ulipofika nilipokea zile pesa nikaenda mjini moja kwa moja kununua tangi. Naapa, ndiyo ilikuwa nia. Niliingia dukani, nikamwambia muuzaji nataka la lita elfu tano. Jino likashuka kwenye "tano". Nikalisukuma kwa ulimi, nikaanza tena, likashuka tena, na mate yakaja. Muuzaji, mtu mzima mwenye heshima, akageuza uso akaangalia mabati. Angecheka ningemtukana tukamaliza. Lakini alinionea aibu, na mimi nikasikia kitu kikiisha ndani yangu. Nikatoka nje. Miguu ikanipeleka kwa daktari wa meno, mimi yule yule nisiyeweza kusikia mashine ikilia, nikamwambia nataka daraja, na nikalipa kabla sijabadilisha mawazo.

Hapo tena nikaogopa upya. Kwa sababu yale meno mawili ya kando yalikuwa mazima! Hayakuwa na kosa lolote. Nililala kwenye kile kiti nikasikia yakichongwa, mashine ikilia, maji yakinirukia shingoni, harufu kama ya ukucha ulioungua, na nikawaza, nimetoka nyumbani na pengo la jino moja, sasa nitarudi na matatu. Nilikuwa nimeshika mikono ya kiti mpaka vidole vikafa ganzi kuliko ufizi. Daktari akaniwekea daraja la muda, nikarudi tena wiki iliyofuata, akaligandisha lile la kudumu. Akanipa kioo cha mkononi. Nilitafuta mahali pa pengo sikupaona. Meno yangu yote yalikuwa pale, yamekaa kama yamezaliwa pamoja. Nilimshukuru daktari kwa sauti ya kawaida na nilipofika kwenye ngazi nikasimama nikajisemea maneno mengi mengi, yoyote tu, na hakuna lililoanguka.

Furaha ilinitoka kabla ya kufika Pioneer. Kile kitako cha mawe kilikuwa kinaningoja pale kimejaa maji ya mvua, na shomoro wanaoga.

"Utawaambia nini wale wamama?" mume wangu akauliza. Nilikuwa nimemweleza yote. Hakunigombeza, na hilo pia liliniogopesha.

"Sijui."

"Utawaonyesha jino."

"Nitawaonyesha vipi? Limetengenezwa lisionekane!"

Na huo ndio ulikuwa mtego wenyewe. Kadiri daktari alivyofanya kazi nzuri, ndivyo nilivyokosa cha kuonyesha. Pengo lenyewe walikuwa hawajaliona, nilikuwa nimelificha kwa mkono na leso. Mtu akikuambia amekula elfu hamsini na kitu kwa jino, na wewe unaangalia unaona meno ya kawaida tu, utamwamini? Wangesema nimekula pesa na nimetunga hadithi. Kuna mwenzetu mmoja alitolewa kwenye chama kwa sababu alisema mbuzi akanunua simu. Alitolewa kwa amani, kwa maombi hata, na mpaka leo akipita njiani watu wanamsalimia kwa haraka. Kwa mwanamke wa mtaa huu kutolewa kwenye chama ni kama kuhamishwa. Ukifiwa, nani atakuja kukupikia wageni? Ukiugua, nani atakufulia? Mimi ndugu zangu wako mbali. Wale kumi na wanne ndio ndugu zangu.

Kwa hiyo nilidanganya. Walipouliza kwenye mkutano nikasema tangi linaletwa. Mwezi uliofuata nikasema limekwama kwa muuzaji, rangi niliyotaka haipo. Kila uongo niliusema kwa meno mazuri, mkono ukiwa bado umefunika mdomo kwa mazoea. Nilianza kuharisha siku za mkutano. Nikisikia mwanamke akiimba popote mtaani, hata anayefua nguo zake tu, naingia ndani nafunga mlango.

Siku ya kuja kuona ilipopangwa, nilifanya jambo la mwisho la kijinga. Nilienda kwa mwenye duka moja la matangi hapa mtaani, nikamuomba aniazime tangi kwa siku moja kwa elfu moja. Hakushangaa hata kidogo, na hiyo ilinifanya nijiulize wangapi wamenitangulia. Siku yenyewe asubuhi mkokoteni ukaja nalo, jeusi, jipya, linanukia plastiki, wanaume wawili wanalisukuma. Mume wangu alipoliona akakumbuka ghafla kwamba ana viazi vya kuchukua kule Burnt Forest, akawasha pikipiki akapotea.

Nilisimama kwenye geti. Nilikuwa nimepanga kila kitu, hata jinsi nitakavyojaza ndoo chache ndani ili bomba litoe maji wakilijaribu. Kitu kimoja sikuwa nimekipanga. Niliona akilini ile mikono ya wamama. Mikono ishirini na minane imewekwa juu ya tangi la watu, wanamuomba Mungu alijaze maji, alibariki, alilinde lisipasuke, na mimi nimefumba macho naitikia amina. Jasho likanitoka kwapani na baridi yote ya Eldoret ile asubuhi. Naweza kudanganya wamama. Kumshikisha Mungu tangi la kuazima, hapana, sikuweza. Nikawaambia wale wanaume warudishe. Walidai elfu yao yote, nikawapa, wakalisukuma kurudi barabarani wakinisema vibaya bila hata kushusha sauti.

Saa sita nikawasikia. Nyimbo zilianzia kwenye kona ya duka la unga. Nilikuwa nimepika pilau, chapati, kuku wawili, kana kwamba tumbo likishiba sheria itasahau. Nilijifunga leso, nikafungua geti, nikashika nguzo.

Waliingia wakicheza, kumi na wanne, mbele yao Mama Mwenyekiti. Huyu ni mzee wa karibu miaka themanini, mwenyeji wa huku, mtu wa maneno machache. Akikohoa mkutano unanyamaza. Wakazunguka nyumba wakiimba kuelekea dirisha la jikoni. Wimbo haukukatika mara moja. Ulikatika kwa wa mbele kwanza, wa nyuma wakaendelea kuimba mpaka nao wakafika wakaona kitako cha mawe na shomoro.

"Tangi iko wapi?" akauliza mweka hazina.

Nilitaka kusema sentensi niliyojizoeza wiki nzima. Ikapotea. Nikaondoa mkono mdomoni nikajionyesha kwa kidole.

"Iko hapa," nikasema.

"Wapi?"

"Hapa. Kwa mdomo."

Mmoja akacheka akidhani ni mzaha. Mwingine akasema, "Ngai, Mungu wangu, huyu mama ameugua." Ndipo maneno yakanitoka yote bila mpangilio. Uzi, usaha, kiatu cha mwalimu, muuzaji aliyeangalia mabati, daraja, uongo wa rangi, hata tangi la asubuhi, sikuacha kitu. Nilipomaliza nilileta risiti kutoka chini ya mto wa kiti. Mweka hazina akaisoma mbele na nyuma.

"Hii ni pesa ya tangi," akasema. "Ungetuambia tungebadilisha kwa kitabu. Lakini ulitudanganya mara mbili tukiwa tumekaa hivi, tunakuangalia." Sauti yake haikuwa na hasira. Ilikuwa na maumivu, na niliogopa zaidi kuliko siku ya sindano. "Mimi sijui. Mimi naona tujadili kama atabaki."

Niliangalia viatu vyao. Nilijua kila kiatu ni cha nani.

Mama Mwenyekiti akakohoa. Aliomba kiti, akaletewa, akakaa pale pale uani karibu na kitako cha mawe. Akaniita kwa mkono. Nikaenda nikapiga magoti mbele yake.

"Tumekuja kuona," akasema. "Kwanza tuone. Fungua."

Nikafungua. Mtu akawasha tochi ya simu. Wakasogea wote, vichwa vikagongana, nikasikia pumzi zao usoni.

"Ni gani sasa?" mmoja akauliza.

"Si hii?"

"Hiyo ni yake. Ni ile."

"Haki, sioni tofauti."

Mweka hazina naye aliinama. Alitazama kwa muda mrefu. "Imefanywa vizuri," akasema polepole, kama mtu anayelazimishwa na ushahidi.

"Imejaribiwa?" Mama Mwenyekiti akauliza.

Wakatazamana. Ng'ombe anakamuliwa, jiko linawashwa. Jino linajaribiwaje? Mmoja akasema niletewe mfupa wa kuku. Daktari alikuwa amenikataza vitu vigumu, nikatikisa kichwa kwa hofu.

"Hapana, si kula," Mama Mwenyekiti akasema. "Kula hata mimi nakula. Cheka."

Nilijaribu. Mungu anajua nilijaribu. Nilivuta midomo nikaonyesha meno, na wale wamama wote wakanitazama wakingoja. Sikuwa na kicheko. Miezi yote ile nilikuwa nimekifungia, sasa sikujua nilikiweka wapi. Badala ya kicheko yakaja machozi, kwa nguvu, na makamasi, na sauti mbaya ya mtoto. Mkono ukapanda wenyewe kufunika mdomo. Mama Mwenyekiti akaushika akauteremsha.

Kisha akashika mdomo wake wa chini kwa vidole viwili akauvuta. Mbele, chini, hapakuwa na meno mawili. Tulikuwa tunajua, wazee wa rika lake huku wengi wako hivyo, waling'olewa wakiwa watoto, ndiyo ilikuwa desturi. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza.

"Mimi nilikuwa mtoto kama wa darasa la tatu," akasema, maneno yakipita kwenye lile pengo kwa upepo. "Nilikalishwa chini. Nikaambiwa nikitoa chozi moja nimeaibisha nyumba ya baba yangu. Damu ikajaa mdomo, nikaimeza. Sikulia. Nilipewa sifa, nikapewa maziwa." Akatazama kitako cha mawe. "Na mpaka leo sijalia. Sijui siku hizi nikitaka nitaanzia wapi."

Tochi ya simu ilikuwa bado inawaka.

"Wewe lia," akaniambia. "Faini utalipa, kreti mbili za soda, na kitabu kitaandikwa jino. Lakini saa hii lia. Lia ya kwako, ukimaliza ulie na yangu."

Nikalia mdomo ukiwa wazi, na yeye akakaa pale ananiangalia, vidole vyake bado vimeshika mdomo wake wa chini.